Siku Tatu za Kungojea Pumba

Nilifika Morogoro kwa treni kutoka Tabora, daraja la tatu, nikiwa nimekalia begi langu tangu Manyoni kwa sababu mama mmoja mwenye watoto wawili alihitaji kiti kuliko mimi. Baada ya Dodoma treni ilisimama porini, na hakuna aliyetuambia sababu. Watu walishuka, wakakusanya kuni, wakachemsha viazi vitamu kandokando ya reli kana kwamba tulikuwa tumepanga tangu mwanzo kula hapo. Mzee mmoja alisema injini imeharibika. Mwingine akasema dereva ameenda kumsalimu shemeji yake. Mchana treni ikaanza tena kujivuta, na hakuna aliyeshangilia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha ya kaki, na barua ya kunitambulisha kwa bwana mmoja wa kiwandani. Mlinzi wa lango la kiwanda aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja vizuri kuliko ilivyokuwa, akanirudishia. Mtu aliyeandikiwa alikuwa amepunguzwa kazi Ijumaa iliyopita. "Barua yako nzuri," alisema, "ila haina wa kuipokea."

Nje ya lango lile palikuwa na mwanamume wa makamo aliyekalia sanduku la vifaa vyake, redio ameipakata mapajani kama mtoto. Alikuwa amepunguzwa pia. Huyo ndiye Mzee Mloka. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, akacheka, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile. "Mnyamwezi? Basi mtani wangu huyo. Beba sanduku, ndiyo kazi mliyoumbiwa." Babu zetu walikuwa wapagazi, na Waluguru hawajawahi kutuacha tusahau. Nilibeba. Njiani alinieleza kwamba anarudi milimani Mgeta, kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, kulima mboga. Kila kitu sasa ni ruksa, alisema, malori ya Dar yanapanda yenyewe kutafuta kabichi, na yeye anahitaji mtu mwenye nguvu anayeweza pia kusoma maandishi ya pakiti za mbegu na chupa za dawa. Kesho yake tulikaa njia panda ya Sangasanga hadi saa nane tukingoja lori, kisha tukapanda juu ya matenga matupu, sabuni na marobota ya mitumba. Barabara ilijikunja na kupanda, baridi ikaanza kuingia kwenye mikono ya shati, na kila tulipovuka kijito Mloka alikitaja jina. Niliacha kuhesabu. Mtu wa Tabora, aliyekulia kwenye visima vya kuchimba, hajui afanye nini na maji mengi kiasi hicho.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua, akaniambia yeye ni binti wa Bi Tausi, jirani yetu wa kule Mgeta, kwamba mama yake amefariki dunia Kihonda, Morogoro, na kwamba kabla ya kufa alisema mtani wake aitwe. Nilikuwa Makambako, nikihangaika na kazi ambayo nilishaamua kuiacha, kama nilivyoacha nyingi. Nikapanda basi. Msibani mtani ana kazi yake: anatakiwa azuie jeneza, adai fidia, amsengenye marehemu mpaka waliao wacheke. Walinisogeza mbele, wakanisubiri. Nikaanza kusema kwamba marehemu alikuwa na mguu mmoja mfupi, kwa kuwa Waluguru wote huzaliwa wakiwa wamesimama kwenye mteremko, kisha nikashindwa kuendelea. Watu walidhani ni uchungu. Ulikuwepo. Lakini zaidi ya uchungu lilikuwepo swali moja ambalo nimetembea nalo zaidi ya miaka ishirini na tano, na mtu pekee aliyelijua alikuwa ndani ya jeneza.

Nyumba ya Mloka ilikuwa na vyumba vitatu vya tofali za udongo na jiko la nje ambalo ndiko tulikoishi hasa. Moto haukuzimwa. Mkewe, tuliyemwita Mama Rehema, alipika ugali kwa maharage, au viazi mviringo kwa njegere, na kwenye ndoo kando ya mlango palikuwa na koliflawa ambazo hakuna aliyewahi kuzila pale. Zilikuwa za watu wa Dar. Kulikuwa na mazungumzo ya kila siku kuhusu kiwanda, maana Mloka alikitukana kiwanda kile kama mtu anavyomtukana mke aliyemwacha. Lakini mazungumzo yaliyokuwa na uzito yalikuwa ya ardhi. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mloka alikuwa mume tu, mtu wa kuja, na kila tuta alilolima alipewa na mjomba wa mkewe, mzee mwembamba aliyekuwa mndewa, yaani mkuu wa ukoo wao. Mloka alikuwa amepewa vipande viwili vya mteremko, vyenye udongo uliochoka. Alichokitaka ni tindiga, kile kinamasi cha ukoo.

Tindiga lile lilikuwa juu ya nyumba, mahali mlima unapotulia kidogo kabla ya kupanda tena. Lilikuwa na ukubwa kama wa uwanja wa mpira na nusu yake, limejaa matete na vyura, na udongo wake ulikuwa mweusi kama masizi ya sufuria. Halikuwa na kijito kinachoingia wala kinachotoka. Nilikuwa nimelizunguka lote, nikihesabu hatua, kwa sababu nilipenda kuonekana mtu anayepima vitu. Mloka alisema udongo ule ukikaushwa utatoa kabichi za ukubwa wa kichwa cha ng'ombe. Mtaro mmoja tu, wa kupasua ukingo wa upande wa korongo, na maji yatajiendea mtoni.

Chini ya tindiga, upande wa pili, mwendo wa kumaliza kula muwa mmoja, aliishi Bi Tausi. Alikuwa mjane wa kama miaka hamsini, wa ukoo mwingine, na alikuwa na chemchemi. Ilitoka chini ya jiwe, unene wa mkono wa mtoto, ikapita kwenye magome ya mgomba hadi kwenye kitalu chake. Alikuwa haoteshi mboga za kuuza sokoni, aliotesha miche. Kiangazi, vitalu vya wengine vilipokauka, cha kwake kilikuwa kibichi, na wakulima wa mteremko mzima walikuja na vikapu kuchukua miche ya kabichi na koliflawa na saladi. Miche hiyo ndiyo iliyomweka. Mwanamke wa peke yake, aliniambia, anaheshimiwa kwa kitu ambacho watu hawawezi kukipata kwingine. Aliposikia habari za mtaro alipanda mwenyewe hadi kwa mndewa na kusema maji yake yanatoka tindigani. Mloka akasema tindiga halina mlango wa kutolea maji. Yote mawili yalikuwa na mantiki, na mndewa alikuwa mtu wa kuchukia kelele.

Kulikuwa na njia ya kumaliza mabishano kama hayo. Pumba za mahindi humwagwa kwenye maji ya juu, kisha mtu hukaa kwenye maji ya chini siku tatu. Zikitokea, maji ni mamoja. Zisipotokea, kila mtu na yake. Ugumu ulikuwa nani akae. Wa ukoo wa Mama Rehema asingeaminiwa na Bi Tausi, na wa ukoo wa Bi Tausi asingeaminiwa na Mloka. Mndewa akaniangalia. "Mtani ndiye anayetuoshea maiti," alisema. "Anayeruhusiwa kuwaona wafu wetu bila nguo ataruhusiwa kutuambia alichokiona kwenye maji." Mloka alifurahi, kwa sababu nilikuwa nalala kwake. Bi Tausi naye alifurahi, na sikuelewa kwa nini. Baadaye alinieleza kwamba kwao mtani hadanganyi. Anatukana, lakini hadanganyi. Mimi sikuwa nimewahi kuambiwa hivyo. Kwetu mtani ni mtu wa kukunyang'anya kofia.

Tulimwaga magunia mawili ya pumba mbele ya mashahidi, mara tu masika ilipokatika, nami nikaenda kukaa kwenye jiwe. Siku tatu, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, macho kwenye maji. Nilifikiri itakuwa kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kupewa. Baada ya saa moja maji yakaanza kunichezea. Kila punje ya mchanga iliyong'aa ilikuwa pumba. Nilinyoosha mkono, nikakamata jani. Bi Tausi alinyunyizia miche yake huku akinitania bila kupumzika: je, huko kwetu maji tumeyaona kwenye picha tu, mbona nayatazama kama mtu anayetazama harusi? Mchana aliniletea chakula, ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, nikasita kukila kwa kuwa nilikuwa hakimu. "Kula," alisema. "Ukishiba ndiyo utaona vizuri. Mwenye njaa huona anachotaka." Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Siku ya tatu nilijua kila kokoto ya chemchemi ile, na nilikuwa nimeanza kuyapenda maji yenyewe, jinsi yalivyokuja bila haraka na bila kupungua, kama mtu anayesimulia hadithi ndefu aliyo na uhakika nayo. Jua likazama. Hapakuwa na pumba.

Hili ndilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jambo lolote la maisha yangu. Nilisimama barazani kwa mndewa, nikasema, "Sikuona pumba." Huo ulikuwa ukweli, na kama ningeketi hapo ningekuwa nimemaliza kazi ya mtani. Lakini mndewa aliuliza, "Kwa hiyo hayaungani?" Watu walikuwa wananiangalia. Nilikuwa na cheti kwenye bahasha ambacho hakikuwa kimenisaidia kwa lolote tangu nitoke kwetu. Nikasema kwamba katika jiografia tulifundishwa kuwa maji hufuata mteremko, na tindiga ni kama bakuli: lisilo na ufa halivuji. "Hayaungani," nikasema. Mloka alinipigapiga begani. Bi Tausi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei, akaaga, akashuka. Hakubisha. Alikuwa amekubali njia, na mtani alikuwa amesema.

Kama siku ya nane tangu tumwage pumba tulikuwa tunachimba mtaro, mimi na Mloka na vijana wawili wa jirani, na tulibakiza ukingo wa siku mbili hivi. Bi Tausi akamtuma mtu aniite. Nilikuta ameandaa chai ya rangi, ya maji ya chemchemi yake, kwenye kikombe cha bati. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, hakunitania. Akasema, "Onja." Nikanywa. Akaniuliza nimeonja nini. Kulikuwa na majani ya chai, sukari, moshi wa kuni. Na nyuma ya hivyo, mwishoni kabisa, pembeni mwa ulimi, kulikuwa na kitu, au hapakuwa na kitu: uchachu mdogo, kama wa uji uliolala. Pumba zilizolowekwa siku nane huchachuka hivyo. Lakini pia kikombe kikioshwa vibaya huchachuka hivyo, na mtu aliyeitwa ili aonje kitu hukionja. Niliona wazi kilichokuwa kinasubiri jibu langu: ningesema ndiyo, angepanda nami kwa mndewa sasa hivi na mtaro ungesimama. Ningekuwa pia nimesimama mbele ya watu walewale na kusema kwamba jiografia yangu ilikuwa upuuzi, na jioni ile ningekwenda kulala nyumbani kwa Mloka. "Ni chai tu, Bi Tausi," nikasema. Akachukua kikombe, akamalizia mwenyewe kilichobaki.

Miaka mingi baadaye, Singida, nilifanya kazi na kikundi cha wachimba visima vya pampu, na siku moja nilimsimulia fundi wetu kisa hiki kana kwamba kilimpata mtu mwingine. Alicheka. Ardhi ni chujio, alisema. Maji hupita, pumba hubaki. Wangemwaga magunia hamsini wasingeona hata chembe. Tindiga lisilo na mlango hunywesha chini kwa chini kama paka anyonyeshavyo amelala, na ulimi wa yule mama ulikuwa kipimo bora kuliko macho ya yule kijana. Nikamuuliza, basi chemchemi ilikauka kwa sababu ya mtaro? Akafikiri, akapangusa mikono. Hapo hawezi kusema, alijibu. Pangehitajika vipimo vya miaka kadhaa, mvua kiasi gani, maji kiasi gani. Chemchemi zina mambo yake. Nilitamani asingeongeza maneno hayo. Mtu anaweza kuishi na hatia na anaweza kuishi bila hatia, lakini mimi sijui niishi vipi.

Maana mambo hayakwenda moja kwa moja. Tulipopasua ukingo, maji meusi yalikwenda korongoni kwa kishindo, vyura wakayafuata, na chemchemi ya Bi Tausi haikubadilika. Wiki moja, mbili, tatu. Nilishuka kila Jumapili kuiangalia na kurudi nikiwa mwepesi. Kabichi za Mloka zikaota kwenye udongo ule mweusi kama alivyosema, watu wakaja kuzishangaa. Kisha Agosti mkono wa mtoto ukawa kidole gumba. Septemba ukawa kidole cha mwisho. Wengine walisema ni mtaro. Wengine walisema ni mwaka tu, kwani hata chemchemi ya ng'ambo, isiyo na tindiga juu yake, ilikuwa imepungua. Hiyo ilikuwa kweli. Nilikwenda kuiona kwa macho yangu, nikakaa kwenye jiwe lake, na sikujua nafuu niliyoipata niiamini kiasi gani. Udongo wa tindiga nao ukaanza kupasuka na kubonyea, Mloka akawa anabeba maji kwa keni ya kumwagilia kupeleka mahali ambapo miezi mitano nyuma angezama hadi magotini. Jikoni tulikula tukizungumzia kiwanda.

Bi Tausi alipunguza kitalu mara ya kwanza kwa nusu, kisha kwa nusu ya nusu. Nilimbebea maji kutoka mtoni, ndoo mbili kila asubuhi kabla ya kazi za Mloka, na hatukuzungumzia chai. Alirudia utani, lakini wa kunipa mimi ahueni: kwamba nimepata kazi ya babu zangu, kwamba shingo yangu sasa itanenepa. Wakulima wakaanza kuotesha miche yao wenyewe chini kwenye mabonde. Mvua za vuli zilikuja kama mgeni anayepita tu kusalimu. Siku moja nilikuta magome ya mgomba yameanikwa juani, yamejikunja, na chini ya jiwe palikuwa na unyevu tu, kama jasho. Akaniambia binti yake wa Kihonda amemwita. Huko kuna bomba, alisema, unafungua kwa mkono. Alisema "unafungua kwa mkono" kama mtu anayerudia jambo aliloambiwa na asiloliamini.

Alihama Januari. Mndewa hakuja kumuaga. Mama Rehema alikuja, akalia. Mloka alisimama mbali kwenye kabichi zake, jembe mkononi, hakuinua kichwa. Mzigo wa Bi Tausi ulikuwa magunia mawili, godoro, na sanduku la bati, na njia hadi barabarani ilikuwa ya kushuka kwa miguu. Hakuniomba. Nililijaza begi langu vitu vyangu vichache, nikalifunga juu ya sanduku, nikajitwisha vyote viwili kichwani, vijana wa jirani wakabeba magunia na godoro. "Mnyamwezi," alisema akiwa nyuma yangu, "mzigo umekujua." Tulishuka polepole. Alibeba dumu moja la lita tano ambalo hakutaka kunipa.

Tulipakia kwenye lori, juu ya kabichi, tukakaa tumeegemea magunia. Vijito vilipita chini yetu kimoja baada ya kingine na Bi Tausi hakuvitaja majina. Karibu na Sangasanga, ambako ningeshuka kungojea basi la Iringa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwenda mahali popote ambapo sijulikani, alifungua lile dumu. Yalikuwa maji ya mwisho ya chemchemi, alisema. Aliyakinga tone kwa tone kwa siku nne. Alimimina kwenye kile kikombe cha bati, akanipa. Nikanywa. Yalikuwa matamu na baridi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza saa, "Mtani, ile chai ilikuwaje?"

Lori lilikuwa linapunguza mwendo. Nikasema, "Ilikuwa na uchachu."

Alivuta pumzi, akaishusha. "Nilijua," alisema. "Nilichotaka ni nisiwe nimeionja peke yangu." Akafunika dumu, akaukaza mfuniko kwa viganja viwili, akalipakata. Hakuniuliza kwa nini. Nami nikaruka chini na begi langu, nikasimama kando ya barabara huku lori likielekea Morogoro, nikijaribu kuikumbuka ladha ile ili nijue kama nimemwambia kweli au nimempa alichokihitaji. Kinywani mwangu mlikuwa na maji yake matamu tu, na ladha ya chai sikuweza tena kuipata.